Sauti za Lubumbashi Katika Intaneti: Suala la Idhini

Mwaka 1965, mjini Elisabethville (Lubumbashi ya leo), André Yav aliandika historia ya mji huo kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliichapisha katika kitabu mwaka 1990. Baadaye matini hiyo iliwekwa katika intaneti, kwenye hifadhi iitwayo Archives of Popular Swahili, iliyoendeshwa na Fabian pamoja na Vincent de Rooij huko Amsterdam.

Kuhusu Yav utata si mkubwa. Aliandika ili asomwe, akatia jina lake. Kulificha jina hilo kwa nia ya kumlinda kungekuwa kumnyang'anya kazi yake. Watumishi wale walikuwa wamekwisha kuitwa "boyi" kwa miaka ya kutosha.

Suala la Kahenga ni zito zaidi. Mwaka 1974 munganga huyo alirekodiwa akimweleza Fabian jinsi alivyoifunga nyumba yake kwa dawa. Miaka mingi baadaye maneno yake, pamoja na jina lake, yaliwekwa katika intaneti, na mwaka 2008 Fabian akatoa kitabu kizima cha kuyafafanua. Faida ya kitaaluma ni dhahiri: msomaji anaweza kuupima ufafanuzi kwa kuilinganisha na matini yenyewe. Hata hivyo, aliyekubali kurekodiwa mwaka 1974 alikubali kusikiwa na nani? Mbele yake palikuwa na mgeni na mashine ya kanda. Tena, kwa munganga, ujuzi wa dawa ndio riziki.

Chama cha kimataifa cha watafiti wa intaneti kilitoa mwongozo wa maadili mwaka 2002, kikaupanua mwaka 2012 na tena mwaka 2019. Mwongozo huo hautoi kanuni moja kwa kila hali. Humtaka mtafiti achunguze matarajio ya mwenye maneno. Nchini Kongo, Sheria ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inagusa pia data za binafsi. Lakini kwa kiasi kikubwa fikra hizi zinamhusu mtu anayetumia mtandao mwenyewe. Kahenga aliingizwa humo na mwingine.

Mtafiti aliyeko Lubumbashi ana nafasi ambayo hifadhi ya Amsterdam haikuwa nayo. Kabla ya kunukuu anaweza kwenda Kamalondo, Kenya au Katuba, akaulizia jamaa za waliorekodiwa, na kuwasomea matini katika Kiswahili chao. Huenda wakataka jina la mzee wao litajwe wazi, na majina ya miti yaachwe.