Dawa Inajuaje Kuacha Mpunga?

Nilipokuwa Dakawa, kwenye majaruba yale yanayopata maji ya Mto Wami, mzee mmoja alinisimamisha kando ya mfereji. "Bwana shamba, hii dawa tunayonyunyizia magugu inajuaje kuacha mpunga? Ina macho?"

Nikamwambia, mzee wangu, habari hiyo ni ndefu kidogo. Ilianza kwenye mizabibu.

Mwaka 1896, huko Ufaransa, wakulima walikuwa wakinyunyizia mizabibu mrututu uliochanganywa na chokaa ili kuzuia ukungu. Wakulima wa kahawa wanaujua mchanganyiko huo. Mmoja wao akaona kwamba haradali ya porini ikidondokewa na dawa ile, majani yake yanakuwa meusi. Basi watu wakajaribu mrututu katika ngano, halafu na salfeti ya chuma. Haradali ikaungua, ngano ikasalimika.

Siri iko kwenye jani. Jani pana limelala, tone likitua linakaa. Jani la ngano ni jembamba, limesimama, tone linateleza. Na kichipukizi chake kimefichwa ndani ya shina. Sasa mpunga, mahindi, ngano, hata majani ya kiwanja cha mpira, wote ni ukoo mmoja wa nyasi. Ndiyo maana chuma kilitumika pia kwenye bustani za nyasi za Wazungu.

Lakini salfeti ilitakiwa kilo nyingi kwa eka, na magugu yenye mizizi mirefu yalichipua tena. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kuanzia mwaka 1945, ikaja 2,4-D. Hii haichomi jani. Inaingia mwilini na kuvuruga ukuaji, gugu linajipinda mpaka linakufa. Kiasi kidogo tu kinatosha. Chuma kikasahauliwa.

Kimerudi juzijuzi. Mwaka 2009 jimbo la Ontario, Kanada, lilikataza 2,4-D na nyingine kama hizo kwa kupendezesha bustani za nyumbani, mashamba hayakuguswa. Watu wakageukia chuma kilichotengenezwa upya ili jani pana likifyonze upesi. Hiyo ni dawa ya bustani za nyasi, ndugu zangu. Asije mtu akaloweka misumari yenye kutu akamwaga jarubani!

Sisi tunayo 2,4-D, na hiyo haina macho hata kidogo. Nyanya ina jani pana. Maharage vilevile, na pamba ndiyo kabisa. Nimewahi kuona bustani ya nyanya ya mama mmoja imejikunja yote kwa sababu jirani alipiga bomba upepo ukivuma, na ujirani ukaishia baraza la kata. Piga asubuhi hewa ikiwa imetulia, na bomba hilo usilitumie kwenye mboga.

Upande wa pili ni mpunga mwitu. Nao ni nyasi, tena ndugu wa damu wa mpunga wetu, kwa hiyo 2,4-D inauacha ustawi. Huo ni wa kung'oa kwa mkono kabla punje hazijapukutika, na msimu ujao kupanda mbegu safi.

Mzee akanyamaza. Kisha akasema pale kona ya jaruba lake kuna mpunga umerefuka kuliko mwingine, alikuwa ameuacha kwa mbegu, na tayari umeanza kupukutika. Tukaenda kuuangalia.