Vitamini D na kongosho: Jua si badala ya insulini

JUA la Tudor halina msimu. Mtaa huo wa kisiwa cha Mombasa uko takriban nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, na miale inayoiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D huufikia mwaka mzima. Hata hivyo kisukari kimeingia katika nyumba nyingi za Pwani, na wapo wanaouziwa vidonge vya vitamini hiyo kana kwamba ni tiba.

Vitamini D hubadilishwa na ini, kisha figo, ndipo iwe homoni kamili. Sifa yake kubwa ni kuimarisha mifupa. Lakini seli beta za kongosho, zinazotengeneza insulini, nazo zina vipokezi vya homoni hiyo. Seli hizo hutoa insulini pindi kalisi inapoingia ndani yake, na vitamini D husaidia kuratibu kalisi mwilini. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa kongosho za panya waliokosa vitamini hiyo zilitoa insulini pungufu.

Panya, bila shaka, si binadamu. Nchini Finland, watoto zaidi ya 10,000 waliozaliwa mwaka 1966 walifuatiliwa, na matokeo kutolewa mwaka 2001: waliopewa vitamini D mara kwa mara utotoni walipatwa kwa nadra zaidi na kisukari cha aina ya kwanza, ambapo kinga ya mwili huziangamiza seli beta. Ni dalili nzito, ila si ithibati.

Kwa aina ya pili, jaribio la Marekani lililotangazwa mwaka 2019 liliwahusu watu 2,423 waliokuwa ukingoni mwa ugonjwa. Waliomeza vitamini D, 293 waliugua. Waliomeza vidonge bandia, 323. Tofauti hiyo ingeweza kuletwa na bahati tu. Majaribio matatu yalipojumuishwa mwaka 2023, hatari ilionekana kupungua kwa takriban asilimia 15.

Je, Mwafrika wa Mashariki hupungukiwa? Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, waishio juani, walipimwa na kukutwa na wastani wa nanomoli 115 kwa lita, kiwango cha kutosha kabisa, kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2012. Mjini mambo ni mengine. Anayeshinda ofisini au dukani hulipata jua kidogo, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani. Jodari, vibua na kiini cha yai husaidia.

Vidonge kupita kiasi huzidisha kalisi katika damu na kuweza kudhuru figo, kiungo ambacho kisukari chenyewe hukishambulia. Na mtoto mwenye aina ya kwanza akiachishwa insulini kwa ajili ya vidonge hivyo, anaweza kufa katika muda wa siku chache.