Njahĩ, Njũgũ na Thoroko: Majina ya Mbegu za Jamii ya Kunde Katika Eneo la Uthiru

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza majina ya mbegu chache za jamii ya kunde zinazoliwa Uthiru, mpakani mwa Nairobi na Kiambu, na ugumu wa kuyafungamanisha majina hayo na mimea yenyewe. Mtungaji wa kamusi akieleza kuwa njugu ni karanga, atakuwa amesema kweli kwa wasemaji wengi wa Kiswahili. Lakini mkulima Mkikuyu asemapo njũgũ ana maana ya mbaazi (Cajanus cajan). Vivyo hivyo, thoroko ya Kikuyu ni kunde, wala si choroko. Choroko yenyewe huitwa ndengu nchini Kenya, ilhali dengu ya Tanzania ni mbegu nyingine kabisa. Kufanana kwa sauti, basi, si ushahidi wa kutosha.

Njahĩ ndiyo yenye historia nzito zaidi. Ni mbegu nyeusi yenye mstari mweupe ulioinuka ubavuni, na alama hiyo huitenganisha na maharagwe meusi hata gizani, kwa kupapasa tu. Pwani mmea huu huitwa fiwi. Linnaeus aliuita Dolichos lablab mwaka 1753. Sweet akauita Lablab purpureus mwaka 1826, na ndilo jina linalokubaliwa leo, ingawa maandishi mengi ya kilimo ya karne ya 20 yaling'ang'ania la kwanza. Hata Kilatini cha wataalamu, kumbe, huhamahama.

Wakikuyu waliita mvua za masika mbura ya njahĩ, na zile za vuli mbura ya mwere, yaani za uwele. Mlima wa Kilimambogo nao ni Kĩa-Njahĩ. Kenyatta aliutaja mwaka 1938 kuwa mlima wa mvua kubwa. Mbegu iliyobeba kalenda na mlima haiwezi kuwa ya jana. Aidha, Kikamba kina nzavi kwa njahĩ, nzuu kwa njũgũ, na nthooko kwa thoroko. Mawili ya kwanza hufuata kanuni zijulikanazo: nj kwa nz (njoka, nzoka), h kwa v, na kudondoka kwa g (mũgũnda, mũũnda). Yaelekea lugha hizi mbili zilikuwa na majina hayo kwa maana hizo hizo tangu zamani, na si sahihi kuyahesabu kuwa Kiswahili kilichopotoshwa.

Katika enzi ya ukoloni mahindi na maharagwe ya asili ya Amerika yalihimizwa kwa ajili ya soko, na njahĩ ikarudi nyuma, ikabaki hasa chakula cha heshima na cha mama aliyejifungua. Mashamba ya Uthiru nayo yamemezwa na nyumba. Mtoto wa huko aweza kulijua neno njahĩ kwa sahani tu, bila kuuona mmea ukitambaa wala ua lake la zambarau.

Kamusi ya majina ya mimea ya Greenway, ya mwaka 1940, iliambatisha jina la kisayansi kwa kila jina la Kiswahili. Kwa Uthiru kazi kama hiyo ingehitaji mambo matatu pamoja: jina kama litamkwavyo, lugha ya msemaji, na mbegu yenyewe ndani ya bahasha. Maabara ya kilimo na kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Nairobi viko hapo hapo Kabete, mwendo mfupi tu kutoka sokoni.