Shule za Katanga na Jirani wa Kusini

Ikitajwa elimu ya wakoloni huku Katanga, hukosi kusikia hesabu mbili. Kongo ilipata uhuru mwaka 1960 ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiofika 30. Zambia ilipata wake mwaka 1964 ikiwa nao zaidi kidogo ya 100. Basi Mwingereza anasifiwa, Mbelgiji analaumiwa. Wanaomtetea Mbelgiji hudai kwamba alijenga msingi kwanza ili baadaye apandishe ghorofa. Utetezi huo haunipotezei muda: kutoka 1908, Ubelgiji ilipoitwaa Kongo, hadi 1960 ni miaka 52. Ila hata sifa za Mwingereza zina kasoro, kwa kuwa zinachukulia kwamba nchi hizi mbili zilijenga shule kila moja kivyake.

Kapolowe, kati ya Likasi na Lubumbashi, inaonyesha vingine. Wenyeji hutofautisha Kapolowe-Gare na Kapolowe-Misioni: huku reli, kule kanisa la Wabenedikti. Wabenedikti wa Jean-Félix de Hemptinne walikabidhiwa Katanga mwaka 1910, na mwaka huohuo reli kutoka kusini ikafika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo.

Reli hiyo haikuleta mashine tu. Kampuni ya Robert Williams iliandika vibarua huko Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na kuwaleta migodini. Makarani wengi walitoka Nyasaland, Malawi ya leo, wamesomeshwa na Waskoti wa misioni ya Livingstonia katika chuo cha Overtoun kilichoanzishwa mwaka 1894. Walijua hesabu na Kiingereza, na Kiingereza kilikuwa kimetawala kazi za migodi ya mwanzo. Pamoja nao yalikuja mahubiri ya Watch Tower, ambayo huku yaliitwa Kitawala. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, Mnyasaland aliyepitia shule za Waskoti na kujiita Mwana Lesa, aliua watu wengi kwa madai ya uchawi, pande zote mbili za mpaka. Alinyongwa mwaka 1926. Kwa wakubwa wa Katanga huo ukawa ushahidi kwamba msomi kutoka kusini ni hatari.

Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala katika Kongo ya Wabelgiji, anaunganisha kukuzwa kwa Kiswahili migodini na haja ya kuikata Katanga na ule ushawishi wa Waingereza. Wako wanaoona amevuta kamba mno. Mimi naona hoja yake inaeleza mengi kuliko hadithi ya wema wa misioni. Kiswahili kilifundishwa darasani, Kifaransa kikawekwa mbali, na Kiingereza kikatolewa nje.

Fedha nazo zilifuata mkondo huo. Mapatano ya mwaka 1925 yaliipa ruzuku misioni iliyoitwa ya kitaifa, maana yake ya Wakatoliki wa Kibelgiji. Kapolowe ikawa ndani. Wamethodisti wa Marekani, ambao kituo chao cha Mulungwishi hakiko mbali na Likasi, wakabaki nje hadi baada ya Vita Kuu vya Pili. Hata hivyo ndio waliomsomesha Moïse Tshombe, kiongozi wa baadaye wa Katanga. Ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini, baada ya tume ya elimu ya Phelps-Stokes ya mwaka 1924, serikali iligawa ruzuku kwa misioni bila kuuliza dhehebu, lakini ilikuwa ndogo. Shule ya sekondari ya Munali ilingojewa hadi mwaka 1939. Kenneth Kaunda, rais wa baadaye wa Zambia, alisoma hapo. Baba yake alikuwa ametoka Livingstonia, chimbuko lilelile la makarani waliotia hofu Katanga.

Na kazi je? Katika Copperbelt ya Rhodesia ya Kaskazini, chama cha wachimbaji wazungu kilimfungia Mwafrika kazi za ufundi. Katanga, kampuni ya migodi ya Union Minière iliona fundi wa Ulaya ni ghali, ikawafundisha watoto wa kambi mashine. Kule shule ilipanda kidogo na kazi ikafungwa. Huku kazi ilifunguliwa na shule ikafungwa. Migomo ya Copperbelt mwaka 1935 na ya Élisabethville mwaka 1941 ni jibu la wafanyakazi kwa mipango yote miwili.

Pamoja na ripoti za wakaguzi wa shule ningeweka mezani historia ya Élisabethville iliyoandikwa kwa Kiswahili mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani. Hakuna mkaguzi aliyepanga kwamba kusoma na kuandika kungetumika hivyo.

Yaliyofuata huku Kongo yanajulikana: shule za serikali za waziri Buisseret mwaka 1954, kutaifishwa mwaka 1974, kurudishiwa makanisa mwaka 1977, elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019. Anayelinganisha nchi hizi aanze na swali la nani alizuiwa kusoma nini, na kwa hofu ya nani. Wazazi wa Lubumbashi wanaopeleka watoto Zambia kutafuta Kiingereza wanalipia leo kile ambacho wakubwa wa miaka ya 1920 walikizuia kisivuke mpaka.