Kidole cha Mpiga Picha

Swali la kama mpiga picha za eksirei apewe daraka la kuisoma picha aliyoipiga kwa mkono wake mwenyewe huulizwa siku hizi, Tanga na kwingineko, kana kwamba ni bidaa iliyozuliwa jana, ilhali kwa aliyewahi kungoja nje ya mlango wa chumba cha giza jambo hilo ni kongwe.

Mwanafizikia Röntgen aligundua miale ya eksirei mjini Würzburg mnamo Novemba 1895, miaka miwili baada ya Wajerumani kuanza kutandika reli kutoka Tanga, ile iliyofika Moshi 1911, na baada ya Dakta Richard Hindorf kuleta miche ya mkonge, ambayo 62 tu ilisalimika ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Sitaji reli na mkonge kwa kupotea njia: chombo cha Röntgen kilipokuja kuwekwa katika hospitali zetu, kilikuta vidole vilivyosagwa na korona, mashine ya kusindika mkonge, miguu iliyoangukiwa na mataruma, na vifua vya manamba vilivyodhaniwa kuwa na kifua kikuu.

Nilipokuwa mdogo nilimsindikiza mjomba wangu, aliyeteleza akaangukia kiganja, hadi hospitali moja nisiyoitaja. Mpiga picha alitoka na filamu ingali ikichuruzika maji, inanuka dawa, akaiinua mbele ya dirisha.

"Pamevunjika, mwanangu?" mjomba akauliza.

"Mzee, mimi si daktari. Lakini mwambie daktari atazame hapa."

Kidole chake kilitua juu ya kimfupa chini ya dole gumba, chenye umbo la korosho. Daktari, ambaye safu ya wagonjwa wake ilifika barazani, aliitazama picha mara moja akasema ni mshtuko tu wa mshipa. Mjomba naye, kwa taadhima, akaweka kidole chake pale pale alipoonyeshwa. Siku ile ile akafungwa plasta.

Si ajabu jicho la asiye daktari kutegemewa hivyo katika nchi ambayo, kwa hesabu iliyotajwa sana, ilipata uhuru 1961 ikiwa na madaktari wazalendo 12. Waganga wasaidizi waliongezewa elimu wakawa madaktari wasaidizi, wakashika kisu, wakawapasua wazazi waliokwama. Na huko KCMC, Moshi, hospitali iliyofunguliwa 1971, wengine wao wakasomea hata radiolojia. Basi aliyesimama chini alipanda ngazi kwa idhini na cheti. Mpiga picha alibaki na kidole. Hata Uingereza, yenye madaktari maridhawa, ni katika miaka ya 1980 ndipo wapiga picha wa hospitali ya Ealing, London, walipoanza kubandika nukta nyekundu juu ya filamu yenye kasoro. Na nukta ile, kwa maoni yangu, ni kidole kilichopata ruhusa.

Wapiga picha wetu wenyewe hawana kauli moja. Wapo wasemao kwamba macho yaliyotazama mifupa miaka ishirini hayawezi kuamriwa yasione, na kwamba altrasaundi imekwisha kukata shauri, kwa kuwa picha yake haingoji msomaji: aishikaye chombo ndiye aonaye, na asipoona yeye haonekani kitu. Wapo pia, nao si waoga, waulizao ni nani atakayesimama mbele ya hakimu siku wakikosea, na kama daraka likizidi mshahara utabaki ule ule. Sheria ya Tanzania ya 2007 iliwapa baraza la kuwasajili, nayo ni hadhi. Lakini kusajiliwa ni kutambuliwa kwa kazi uliyonayo, si lazima kupewa ile unayoifanya kwa siri. Mimi naegemea upande wa kwanza, kwa sharti kwamba mafunzo yatangulie na jina la msomaji liandikwe.

Cheti cha mjomba ninacho hadi leo. Kimeandikwa mfupa uliovunjika, tarehe, na muda wa plasta. Saini ni moja, ya daktari.