Muziki wa Mfukoni na Kidole

Mteja akiniuliza anunue pleya gani ndogo ya muziki, namwambia kwanza aishike huku amefumba macho. Atafute pa kuongeza sauti, pa kusimamisha, pa kuruka wimbo. Kidole kisipopaona, airudishe kwa mwenye duka. Nimekaa kwenye meza ya ufundi redio hapa Ngamiani, Tanga, tangu enzi za kaseti, na neno langu ni hilohilo siku zote: mashine ya muziki wa mfukoni hutumiwa na mkono, macho yana kazi nyingine.

Kaseti ilitolewa na Philips mwaka 1963, kazi ya kundi la Lou Ottens huko Hasselt, Ubelgiji. Vijana wanaoniletea vifaa vyao leo wanajua kitufe kuwa ni swichi. Kwenye redio kaseti kilikuwa zaidi ya hapo. Ulipobonyeza cha kucheza, nguvu ya kidole chako mwenyewe ndiyo iliyoisogeza hedi na kigurudumu cha mpira mpaka vikaugusa utepe. Mota ilibaki na kazi ya kuuvuta tu, sentimita 4.76 kwa sekunde. Ndiyo maana kilikuwa kizito, na kikishika kililia ko! Cha kurekodia kiligoma kushuka ikiwa vijino vya nyuma ya kaseti vimevunjwa, kwa kuwa ndani mlikuwa na kijiti kinachopapasa pale kuona kama vipo. Mimi ugonjwa wa mashine niliujua kabla sijashika bisibisi. Kitufe kikishuka na kurudi chenyewe, ndoano inayokishikilia imelika. Kikishuka kilegevu, springi imechoka. Kikishika vizuri na muziki ukavutavuta kama mtu mwenye usingizi, mkanda wa mpira umetanuka, au kigurudumu cha mpira kinataka spiriti na pamba.

Tarehe 1 Julai 1979 Sony walianza kuuza Walkman huko Japani, kwa yen 33,000. Masaru Ibuka, mmoja wa waasisi wa kampuni, alitaka kitu cha kusikilizia muziki safarini kwenye ndege. Mwenzake Akio Morita akaisukuma kazi hiyo mpaka ikafika dukani. Haikuwa na spika wala haikurekodi, na wengi waliona haitauzika. Vitufe vya utepe vilipangwa ubavuni, mahali vidole vinapofika vyenyewe. Kulikuwa na matundu mawili ya hedifoni, wasikilize wawili, na kitufe kimoja cha rangi ya machungwa: ukikibonyeza muziki unashuka na maikrofoni inakuletea sauti ya aliye karibu yako. Nakipenda kitufe hicho kuliko kitu kingine chochote katika mashine ile. Aliyekiweka alikumbuka kwamba msikilizaji ana mtu pembeni.

Kwetu Walkman zilichelewa. Katika miaka ya uhaba wa fedha za kigeni, kitu kama hicho kiliingia na baharia au mwanafunzi aliyerudi kutoka nje. Baada ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na zaidi wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, zikajaa madukani za majina ya kila namna. Tanga ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu. Kaseti za taarabu zilinakiliwa kutoka nakala ya nakala, na kurudisha wimbo watu walitumia kalamu ya Bic ili wasile betri. Pembe sita za kalamu ile hushika meno ya kaseti sawasawa.

Mwaka 1998 Wakorea wa Saehan walitoa MPMan, pleya ya kidijitali yenye megabaiti 32, nafasi ya nyimbo chache tu. Utepe ukaondoka, hedi ikaondoka, kitufe hakikuwa tena na mzigo wa kusukuma. Hapo watengenezaji wakaanza kuona kwamba hata chenyewe kinaweza kuondoka. Tazama Apple. iPod ya 2001 ilikuwa na gurudumu linalozunguka kweli na vitufe vinavyobonyea. Mwaka 2003 wakafanya vyote vya kugusa tu; 2004 mbonyeo ukarudi, chini ya gurudumu. iPod shuffle ya 2009 ilibakiwa na swichi moja mwilini, na maagizo ya nyimbo yakahamia kwenye waya wa spika za masikioni. Waya ule ukikatika, huna pa kushika. Mwaka 2010 vitufe vya shuffle vikarudi. Mwaka huohuo iPod nano ikapoteza gurudumu lake ikapewa kioo cha kugusa, na ile ya 2012 ikaongezewa tena ubavuni kitufe cha kusimamisha na kuruka wimbo. Mara tatu ndani ya miaka tisa, kampuni yenye wahandisi wa kuchagua, na kila mara kidole kilidai haki yake kikapewa. Uuzaji wa shuffle na nano ulikoma mwaka 2017.

Wavuvi wa Deep Sea, hapa Tanga, wanaonijia hawajui habari hiyo, ila wanaijua sababu yake. Usiku baharini mikono imelowa maji ya chumvi, na kioo cha simu hakielewi kidole kilicholowa. Wao hununua redio ndogo za Kichina zenye tundu la memori kadi, na hapo ndipo nawasaidia kuchagua. Natafuta swichi ya kufunga vitufe, isije ikajiwasha mfukoni na kumaliza chaji. Natafuta betri inayotoka, na ikiwa ni BL-5C, ileile ya simu za Nokia, nafurahi, maana haikosekani. Kadi isizidi GB 32. Za GB 64 huja zimepangwa kwa namna ambayo nyingi ya mashine hizi haziisomi, na mtu hudhani ameuziwa mbovu. Vitufe vyenyewe mara nyingi vimekalia swichi za mraba, milimita 6 kwa 6. Ikichoka moja naibandua na kulehemu nyingine, mteja akiwa bado na kikombe cha kahawa mkononi.