Sini ya Digrii Moja: Al-Kashi na Hesabu ya Kukaribia

Katika historia ya hisabati kama inavyosimuliwa kwa kawaida, sifa humwendea aliyepata kanuni. Anayelifuata jibu hatua kwa hatua, akianza na kisio kisha akilisahihisha, huonekana fundi tu: jibu kamili limemshinda, ameridhika na la karibu. Makala haya yanadai vingine. Ukadiriaji haukuwa kimbilio la walioshindwa na kanuni. Ulitangulia kanuni, na kanuni ilipopatikana bado ulifanya kazi ambayo mwenzake hakuiweza. Ushahidi ulio wazi kuliko wote, kwa maoni yangu, umo katika namba moja iliyokokotolewa Samarkand mwanzoni mwa karne ya 15, nayo ni sini ya digrii 1.

Njia yenyewe ni kongwe. Kibao cha udongo cha Wababeli kilichohifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale kina kipeuo cha pili cha 2, sahihi hadi nafasi ya tano ya desimali, bila maelezo ya namna kilivyopatikana. Heroni wa Aleksandria, katika karne ya 1, aliacha maelezo. Alitaka kipeuo cha pili cha 720. Akachukua 27, ambayo mraba wake ni 729. Akagawanya 720 kwa 27, kisha akatafuta wastani wa 27 na alichokipata. Jibu lake, 26 na sehemu tano za sita, likizidishwa kwa lenyewe hupita 720 kwa sehemu moja tu ya 36. Asiyeridhika, akasema Heroni, na arudie kazi kwa kutumia namba hiyo mpya.

Digrii 1 ilikuwa shughuli nyingine. Wanafalaki walihitaji majedwali ya sini ili wakokotoe mahali pa jua, mwezi na sayari, na jedwali linalopanda digrii moja moja husimama juu ya namba hiyo ya kwanza. Kosa likiingia hapo, linaenea jedwali zima. Kwa jiometri ya pembetatu na pembetano zenye pande sawa, sini ya digrii 3 hupatikana kwa usahihi wowote utakao. Pembe hiyo ikigawanywa nusu, na nusu tena, unapata digrii 1.5 na 0.75. Digrii 1 yenyewe huifikii, kwa kuwa kugawanya pembe yoyote kwa tatu si kazi ya rula na bikari. Ptolemy, huko Aleksandria katika karne ya 2, aliibana namba iliyotakiwa katikati ya majirani zake hao wawili. Ilimtosha kwa majedwali yake, lakini mbano wa namna hiyo hufika mahali ukagoma kukazwa zaidi.

Ghiyath al-Din Jamshid al-Kashi, mzaliwa wa Kashan nchini Uajemi, alikuwa bado mjini kwao akichunguza kupatwa kwa mwezi mwaka 1406. Baadaye alihamia Samarkand kumtumikia Ulugh Beg, mjukuu wa Timur na mtawala aliyekuwa mwanafalaki kwelikweli. Kwa sini, alianzia kwenye uhusiano uliokwisha kujulikana. Tukiita sini ya digrii 1 x, na ya digrii 3 s, basi 3x − 4x³ = s. Huu ni mlinganyo wa kipeo cha tatu, na kanuni ya jumla ya kuufumbua haikuwapo bado. Al-Kashi aliupanga upya: x ni theluthi ya jumla ya s na 4x³. Kwa kuwa x ni ndogo, mchemraba wake ni chembe tu, hivyo mwanzoni unaweza kuupuuza. Kwa tarakimu zetu za leo, s ni 0.0523359562, na theluthi yake ni 0.0174453187. Irudishe namba hiyo upande wa kulia mahali pa x, unapata 0.0174523978. Rudia mara moja tu: 0.0174524064, na hapo hakuna tarakimu hata moja iliyokosewa. Kila mzunguko unalipunguza kosa zaidi ya mara 800. Yeye mwenyewe alifanya kazi katika mfumo wa hesabu wa sitini-sitini, akivuna tarakimu moja baada ya nyingine, mpaka akafikia usahihi wa takriban nafasi 16 za desimali. Risala aliyoandika juu ya jambo hili tunaijua kupitia wafafanuzi waliomfuata, akiwamo Miram Chelebi.

Hapo atatokea wa kusema kwamba al-Kashi alihangaika hivyo kwa kukosa kanuni. Kanuni ilikuja. Cardano aliichapisha mwaka 1545, miaka 116 baada ya al-Kashi kufariki. Sasa tuitumie kwenye mlinganyo huohuo. Una majibu matatu, yote namba halisi: sini ya digrii 1, ya digrii 121 na ya digrii 241. Kwa mlinganyo wa aina hii kanuni ya Cardano inadai kipeuo cha pili cha namba hasi, kisha kipeuo cha tatu cha namba changamani itakayotokea. Na ili ukipate kipeuo hicho, lazima ugawanye pembe kwa tatu, yaani kazi ileile iliyokuleta kwenye mlinganyo. Kanuni inamrudisha mtu mlangoni alikoingilia. Wala si kwamba Cardano alikosa ujanja: mwaka 1843 Pierre Wantzel alithibitisha kwamba katika hali kama hii hakuna njia ya kupita kwenye vipeuo vya namba halisi peke yake. Niels Abel alikwisha kuonyesha, mwaka 1824, kwamba kwa kipeo cha tano kanuni ya jumla ya vipeuo haipo kabisa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Nani alimhakikishia al-Kashi kwamba hatua zake zingelisogelea jibu badala ya kulikimbia? Upange mlinganyo vingine, x iwe kipeuo cha tatu cha robo ya 3x − s, uanze na 0.018 ambayo iko karibu kabisa na jibu. Hatua ya kwanza inakutupa kwenye takriban 0.075, na ukiendelea unaishia 0.857, ambayo ni sini ya digrii 59. Hata njia inayobeba jina la Newton, aliyeionyesha mwaka 1669 kwa mlinganyo x³ − 2x − 5 = 0, ina mitego yake: katika x³ − 2x + 2 = 0 ukianza na sifuri unapelekwa kwenye 1, kisha sifuri, kisha 1, bila kikomo. Nadharia inayoeleza lini marudio hufika na lini hupotea ilikomaa karne nyingi baadaye. Ile ya Banach ni ya mwaka 1922. Pingamizi hili nalikubali, ila si lote. Katika mipangilio miwili iliyokuwa mbele yake, al-Kashi alichukua ule unaoacha mchemraba wa namba ndogo upande wa kulia, mahali ambapo kosa halina nguvu. Kutokuwa na uthibitisho si sawa na kubahatisha.

Tena ipo milinganyo ambayo swali la kanuni halifai hata kuulizwa. Mwendo wa sayari katika duaradufu, kama Kepler alivyoueleza mwaka 1609, hudai utafute pembe iliyo sawa na namba fulani kuongeza sehemu ya sini ya pembe hiyohiyo. Kepler alikiri kwamba hakuona njia ya moja kwa moja, akaishia kukisia na kusahihisha. Mlinganyo wenye umbo hilo alikwisha kuufumbua Habash al-Hasib, mwanafalaki wa Baghdad wa karne ya 9, kwa marudio, alipokuwa akishughulikia mwezi. Sidai kwamba Kepler alimsoma. Satelaiti za GPS nazo huzunguka katika duaradufu, hivyo kipokezi kilichomo ndani ya simu, kila kinapotaka kujua satelaiti ilipo, huchukua kisio, hukiweka ndani ya sini na kukirudisha, mara chache tu, maana duaradufu zile zinakaribia kuwa duara.